Mbavu Nilizomwekea Mjomba

Jamani, koti nimelifua mara mbili na aibu haijatoka. Jumamosi nilikuwa Katesh, kwenye nyama choma ya pale chini ya turubai, namsubiri Neema. Alikuwa anamleta mjomba wake kutoka Nangwa, ambaye sijawahi kumwona, aseme kama nafaa kumwoa. Kichwani nilishajenga nyumba na kuwapa watoto majina.

Nyama ikafika kabla yao. Mzee mmoja mwenye shuka akakaa mbele yangu. Kwetu huwezi kula mzee anakutazama, wala kumwuliza jina lake.

"Shikamoo mzee. Karibu tule," nikasema, kwa adabu tu.

"Marahaba." Akaenda kunawa.

Alikula taratibu, lakini alikula. Mimi nasimama, nachungulia barabara, nakaa. Zilipobaki mbavu mbili, akageuka kuomba pilipili. Nikazitia mfukoni haraka, mjomba asije kukuta sinia tupu. Nilijiona mwerevu kweli.

Neema akatokea, akamwinamia yule mzee. "Shikamoo mjomba. Kumbe umetangulia. Mmeshaonana?"

"Tumeonana," akasema mzee, akitazama mafuta yanayochuruzika kwenye koti langu. "Kijana wako ni mkarimu. Sasa mwambie anitolee mbavu zangu."