Udongo Juu ya Meza

Kwa wiki tatu nilimfundisha msichana wa wafinyanzi kusimama kama mtangazaji wa televisheni: miguu sawa, mikono mgongoni, kidevu juu. Kila Jumamosi nilipanda pikipiki kutoka mtaani kwangu Nengo, mjini, hadi kijijini kwao Rugerero, mkoba umejaa vitabu na kichwa kimejaa nasaha, na kila Jumamosi alizidi kunyamaza.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Shule moja ya bweni mjini ilikuwa imetangaza nafasi moja ya bure kwa mtoto wa wafinyanzi, wale ambao mababu zao waliishi msituni kabla ya mashamba kufika. Sharti lilikuwa kujieleza kwa dakika kumi mbele ya walimu watatu. Akiikosa nafasi hiyo, angeacha masomo kama dada zake wawili. Akili alikuwa nayo. Lakini darasani wenzake walicheka matamshi ya kwao, yanayopanda na kushuka kama wimbo, naye akazoea kuyameza maneno yake.

"Jaribu tena," nilimwambia Jumamosi ya mwisho. "Sema kama watu wa redioni."

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Bibi yake alikuwa ameketi uani, akipandisha ukuta wa chungu. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake cha sokoni chenye Kifaransa kidogo ndani, alichokiokota akiuza vyungu Goma, ng'ambo ya mpaka.

"Mwalimu, we umesoma sana, lakini kuona hauone. Umemufunga mikono huyu mutoto."

"Nimemfunga vipi, nyogokuru?" nikauliza, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Kwetu mutu anasema akifinyanga. Ndoa tunapanga hapa, ugomvi tunamaliza hapa. Mikono ikilala, mudomo nao unalala. Donc, mupe udongo, halafu we unyamaze kidogo."

Akamrushia mjukuu bonge la udongo. Msichana akalidaka, akachuchumaa, akaanza kulikanda. Sauti ikaja. Ilikuja na mawimbi yake yote, yale niliyohangaika kuyalaza. Mimi mwalimu wa lugha, ninayeishi kwa maneno, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikasikiliza.

"Lakini mbele ya wale walimu itakuwaje?" niliuliza baadaye.

"Kwani meza hawana?" akasema bibi.

Siku yenyewe, mimi nikitazama kutoka dirishani, msichana aliingia akiwa amebeba beseni, udongo umefunikwa kwa kitambaa kibichi. Mwalimu mkuu akavua miwani.

"Mwanangu, hapa si sokoni."

"Najua, mwalimu. Sokoni mngeninunulia chungu. Hapa naomba mnisikilize nikikitengeneza."

Walimu wawili wakacheka, na kicheko hicho hakikuwa kile cha darasani. Akauweka udongo juu ya meza, akasimama mbele yake, akaanza. Alieleza kwa nini udongo wa bondeni huchanganywa na mchanga ili usipasuke motoni, kwa nini ukuta mnene upande mmoja humsaliti mfinyanzi, jinsi anavyotamani kusomea kemia ajue moto unaufanya nini udongo ndani kabisa. Kila alipotaja jambo kwa neno la bibi yake, hakuomba radhi. Mara mbili mwalimu mkuu alimkatiza, akaliandika neno lenyewe katika daftari lake. Dakika kumi zikapita, zikapita nyingine. Hakuna aliyetazama saa. Shingo ya chungu ilipokamilika, aliinua macho kana kwamba ndiyo kwanza anawaona.

"Nafasi ni yako," akasema mwalimu mkuu. "Ila hicho chungu kibichi utuachie. Kitakuwa cha maabara."

"Hakijachomwa, mwalimu. Mkikitia maji kitayeyuka. Nitarudi kukichoma."

"Ndiyo maana tunakutaka," akajibu.

Alitoka mbio hadi getini alikokuwa bibi yake, akamkumbatia, kisha nilipowafikia akanikumbatia mimi. Shati langu jeupe likapata viganja viwili vya udongo mgongoni.

"Bon, mwambie mwalimu wako asante," bibi akasema. "Amekufundisha nini tena?"

"Kusimama, nyogokuru."

Wakacheka njia nzima hadi barabarani, nami nikicheka nyuma yao. Shati sijalifua mpaka leo.