Kiwiko Nilichomficha Mama Mkwe

Nakumbuka ule msimu wa kuanika uwele, mwanangu, mimi nikiwa bibi harusi wa miezi mitatu pale Mwankoko. Nyumba za bati zilikuwa za kuhesabu. Sisi tulikaa kwenye tembe, na paa la tembe ni udongo mtupu, limelala sawasawa, ndiko tulikoanika nafaka. Asubuhi hiyo nilipanda na ungo kichwani, najitia hodari, nataka mama mkwe akitoka ndani akute kazi imekwisha. Nikakanyaga ukingo uliokuwa umeliwa na mvua. Lo! Nilishtukia niko chini, mkono wa kulia umetangulia, uwele umenimwagikia mpaka masikioni. Walioniona ni kuku tu, na wao walifuata uwele.

Kiwiko kiliuma hata nikaona vimulimuli. Lakini niliinuka, nikajikung'uta, nikanyamaza kimya.

Utaniuliza, bibi, kwa nini ulinyamaza? Kwa ujinga, mwanangu, sina jina jingine. Kabla sijaolewa, mama yangu na shangazi zangu walinikalisha chini wakaniambia, mkamwana halalamiki, mvumilivu hula mbivu. Walisema kwa nia njema, Mungu awarehemu. Mimi nikaelewa kwamba kuvumilia ni kufunga mdomo hata mfupa ukipasuka. Na nilikuwa na siri ya pili. Mwezi wa pili ulikuwa unapita sijaona siku zangu, na sijamwambia mtu. Mume wangu alikuwa Rungwa, amekwenda kurina asali, na mimba changa haitangazwi ovyo.

Basi wiki mbili nikaishi kwa mkono wa kushoto. Ugali nikausonga kwa kushoto, ukatoka mabonge mabonge, na baba mkwe akaula bila neno, maskini, mtu mwema yule. Nikiulizwa, nasema nimeulalia mkono vibaya. Kiwiko kikazidi kuvimba, hakinyooki wala hakikunjiki vizuri, vidole vikaanza kufa ganzi. Usiku najilaza nikiwaza, huu mkono ukifa, mtoto akizaliwa nitambeba kwa mkono gani?

Jioni moja akaja kaka yake baba mkwe, mzee wa heshima zake. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, nikampa bakuli la maji. Nikampa kwa mkono wa kushoto. Ee mwanangu! Kwetu mkubwa hapewi kitu kwa kushoto, ni kumtukana mchana kweupe. Mzee alilipokea lile bakuli akaliweka chini, hakunywa. Nilimtazama mama mkwe nikatamani ardhi inimeze.

Mgeni alipoondoka, mama mkwe aliniita jikoni.

"Binti, kwenu wakubwa wanapewa kwa kushoto?"

"Nisamehe Mama, nimepitiwa."

"Umepitiwa! Kaa hapa tuzungumze." Akanishika mkono wa kulia anikalishe, akashika pale pale kwenye kiwiko. Nilipiga yowe, mbuzi wote wakashtuka zizini.

Akanivua upande wa kanga, akakiona. Alikitazama muda mrefu, hasira zote zikamtoka usoni.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuanika uwele."

"Wiki mbili! Uko ndani ya nyumba yangu, unaumia wiki mbili, mimi nakula ugali wa mabonge nasema huyu mtoto hakufundishwa! Mama yako akiniuliza nimemtunzaje mwanawe, nitasema nini?" Akaketi kwenye kigoda, akalia. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, mwanangu. Machozi yake sikuyategemea, nami nikalia kuliko yeye.

Jirani mmoja aliyesikia yowe alikuja na kibuyu cha samli, tayari kunikanda na kuuvuta mkono unyooke. Mama mkwe akamshukuru, ila akakataa. "Unakandaje usichokiona? Kwanza tukaone ndani kuna nini." Alfajiri tukashika njia ya mjini, yeye amenifunga mkono kifuani kwa kanga yake mpya, ile ya sikukuu.

Hospitalini tukaelekezwa chumba cha eksirei. Baba mmoja wa koti jeupe akaniambia niuweke mkono mezani, niunyooshe, kiganja juu. Nikajaribu, jasho likanitoka. Ikabidi niseme, mbele ya mama mkwe, "Siwezi. Unaniuma sana." Huwezi kuamini lile neno dogo lilivyonipa shida kulitamka.

Kabla ya kupiga picha akaniuliza, "Una ujauzito, au unahisi unao?"

Nikainamisha kichwa. Mama mkwe akaanza kukohoa, kikohozi cha uongo kabisa, akasema, "Ngoja nikateme mate nje," akatoka akarudishia mlango. Hapo ndipo nilipomwambia yule baba ukweli. Akanisifu kwa kusema, akanifunika tumbo kwa aproni nzito, akanieleza kuwa picha ya kiwiko iko mbali na mtoto, nisiogope. Akapiga picha mbili, moja mkono umenyooka kadiri ulivyokubali, nyingine umekunjwa. Picha yenyewe haina maumivu.

Daktari aliinua ile picha dirishani akatuonyesha mstari mwembamba kwenye mfupa. Mngeuvuta huu, akasema, kipande kingesogea, na mkono ungeharibika. Nikafungwa hogo la plasta.

Njiani nikaanza, "Mama, kule ndani nilikuwa..."

"Nyamaza, najua. Unadhani sijui ni nani anayetafuna udongo wa ukuta wangu? Kona ya jiko inapungua kila siku. Utatuangushia nyumba!"

Tulicheka hadi tukakaa chini kando ya barabara.

Wiki zote za hogo alinisuka, aliniosha, alinipikia. Majirani wakamcheka, eti dunia imegeuka, mama mkwe anamtumikia mkamwana. Akawajibu wapite zao. Hogo lilipotoka nikafanya mazoezi kama nilivyoagizwa, mkono ukapona, ingawa hata leo haunyooki mpaka mwisho. Hizo wiki mbili nilizonyamaza bado nazilipia kila nikianua nguo. Na mtoto alipozaliwa, mama mkwe ndiye aliyemleta kwangu amefunikwa. "Haya, mpokee," akasema, "na kwa mikono yote miwili." Nikampokea.

Kwa hiyo mwanangu, sikiliza. Uvumilivu ni wa kazi, ni wa njaa, ni wa maneno ya watu. Mfupa usiuvumilie. Ukianguka, ukiona kiungo kimevimba, hakinyooki au kina ganzi, nenda kapigwe picha siku hiyo hiyo, wala usikubali mtu akukande kabla haijajulikana ndani kuna nini. Ukiulizwa swali hospitalini, jibu ukweli, hata likiwa la aibu, na kama una mimba sema mwenyewe bila kungoja kuulizwa. Mficha uchi hazai. Na ukimwona mkamwana au mtoto wa mtu amekosa adabu ghafla, kabla hujamhukumu, muulize kama anaumwa.

Mwenyezi Mungu akulinde mifupa na moyo wako. Akupe nyumba ambayo ukisema "naumia" watu wanasimama, na siku mwingine atakapokuambia wewe neno hilo, akupe miguu ya kuinuka upesi. Amina, mwanangu.