Msichana wa Mlangoni

Nakumbuka siku aliyozaliwa Wandera kule Marachi, na waliokuwepo nitawataja wote. Ndani alikuwa Nabwire, mke wa kaka yangu Makokha, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Aliyemzalisha ni Kukhu Taaka; kukhu kwetu ni nyanya, naye ndiye aliyemzaa baba yangu. Nje alikuwa Makokha mwenyewe, anazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mlangoni nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu. Na mbwa, Simba.

Mwanangu, kazi niliyopewa niliidharau. Kukhu Taaka aliniambia, "Wewe kaa hapa. Akiuliza, mjibu. Usipojua, niulize polepole, nitakuambia nikipata nafasi. Usiondoke."

Basi Makokha akiuliza, "Vipi huko?" namwambia, "Bado, lakini anaendelea vizuri." Anatulia, anazunguka tena. Mimi nikajiona sina kazi. Mtoto alipokaribia, nikaacha mlango umefungwa, nikaingia kushika beseni.

Makokha akaita. Kimya. Akaita tena, akagonga. Tulimsikia, lakini mikono yetu ilikuwa na shughuli, na hakuna aliyefungua mdomo. Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga. Kaka yangu akaamini mkewe amekufa. Akaupiga mlango bega, ukang'oka, ukaanguka ndani wakati kichwa cha mtoto kimeanza kutoka. Kukhu Taaka akaukinga kwa mgongo wake. Mtoto alilia, Nabwire akapona, lakini mgongo ule haukunyooka tena mpaka tulipomzika.

Nilidhani Kukhu Taaka atamlaumu kaka. "Makokha hana kosa," akaniambia. "Mtu asiyejibiwa huvunja mlango. Na mlango ulikuwa wako."

Sasa juzi Nekesa, binti wa Wandera huyohuyo, alikuja kwangu Nambale amenuna. Yeye anafanya kazi Malaba, katika ofisi ya kupitisha mizigo mpakani. Alikuwa ametengeneza programu ya kompyuta ya kusoma karatasi za malori, mamia kwa mpigo. Ukishabonyeza Anza, kioo cha kompyuta kinaganda mpaka kazi yote iishe. Karani wao, Barasa, akabonyeza, akabonyeza, akasema, "Bosi, hii imekufa," akaizima katikati. Kazi ikaharibika, madereva wakaanza kungoja upya. Bosi akasema ikirudia tena, anaitupa.

"Kukhu, haikuwa imekufa! Ilikuwa inafanya kazi! Hawa watu hawana subira."

"Mlangoni ulimweka nani?"

"Mlango gani tena, Kukhu?"

Nikamsimulia habari ya mgongo. Akasogeza sahani ya omena, wale dagaa wa ziwani, akafungua kompyuta yake palepale mezani. "Kumbe mkunga na msichana nimewafanya mtu mmoja," akasema.

Akaipeleka ile kazi ndefu ifanyike nyuma, kioo kikabaki huru kujibu. Kila karatasi ikiisha, kutoka kule nyuma inatumwa habari, na kioo kinaandika zimeisha ngapi, zimebaki ngapi. Akaweka na kitufe cha Simamisha, lakini hicho hungoja kwanza karatasi iliyo mkononi imalizike, maana mtoto hakatizwi njiani. Jumatatu Barasa alitazama namba zikipanda, akasema, "Aa, kumbe iko hai," akaenda kunywa chai yake. Programu ingali pale mpaka leo.

Basi mwanangu, wewe unayetengeneza vitu vya watu kubonyeza, nisikilize mimi niliyeishia darasa la pili. Aliye ndani afanye kazi, asitoke kuongea na watu. Aliye mlangoni ajibu watu, asiingie kushika beseni. Wapashane habari kidogo kidogo, mpaka kazi iishe. Dalili ya mvua ni mawingu. Usipomwonyesha mtu wingu, usimcheke akianika mahindi. Na anayegonga usimtukane. Anagonga kwa sababu ana mtu wake ndani.

Mungu akupe mikono ya Kukhu Taaka, na mlango wako usivunjwe kamwe. Kama nimekosea jina la mtu, au hata la yule mbwa, wewe wa Marachi unayejua nisahihishe. Mgongo ule sijaukosea.