Kahawa ya Mwenye Haja

Nilipoanza kazi Khuwair, mtaa wa maofisi hapa Maskati, Mchina mmoja alikuwa mhandisi wa programu kama sisi, meza yake ubavuni mwa yangu. Alikunywa maji ya moto kutwa, joto la Maskati lote lile, na sifa yake ilikuwa kufuta. Unampelekea programu yako kwa fahari, anakurudishia nusu yake, na nusu hiyo inafanya kazi vizuri zaidi. Nilikasirika, kisha nikajifunza. Akapandishwa cheo, akawa mkurugenzi, akavaa suti, na bado alifuta: safari hii idara na watu. Mwishowe aliacha kazi, akawa mwekezaji. Wengi walimsema. Mimi nilimpenda, na bado nampenda, ingawa anaudhi.

Nami nikaacha kazi, nikaanzisha kampuni yangu. Ni huduma ya simu: mzee anapiga, anaeleza shida yake kwa mdomo, mashine inamkatia miadi ya hospitali. Nilitaka isikie Kiarabu na Kiswahili, kwa ajili ya mama. Mama amezaliwa Unguja. Kiarabu chake ni cha salamu na cha sokoni, na mashine za simu zikimuuliza jambo kwa Kiarabu fasaha alikuwa anakata, anakaa na maumivu yake mpaka nirudi. Hilo lilinichoma.

Mchina akakubali kutia mtaji, kwa sharti kwamba nifute Kiswahili.

"Wazee hao wanapungua kila mwaka," aliniambia. "Unafungua duka kwenye barabara inayofungwa."

Bila yeye kampuni isingefika mbali, nilijua. Nikamwalika chakula cha mchana nyumbani, nikiamini akimuona mama atalegea.

Alikula wali wa nazi na samaki wa wavuvi wa Sidab bila kubakisha, akamsifu mama kwa Kiarabu chake cha kuombea maji, mama akacheka. Nikaja na dele, nikammiminia kahawa. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, asiionje.

Mama akanitazama. Kwetu, mtu aliyekuja na haja nzito haigusi kahawa mpaka akubaliwe, na kumnyima ni aibu kwa wenye nyumba.

"Huyu ana haja," akasema mama. "Asije akawa anakuposa! Muulize."

Sikumuuliza. Miaka yote ile aliyoishi Maskati alikuwa amejifunza, na alijua hasa anachofanya. Amenibana nyumbani kwetu, kwa mila yetu, mbele ya mama yangu! Nilichemka. Moyoni nilikiri pia kwamba ni ujanja safi.

Nikamweleza mama bila kumficha: anataka mashine isikie Kiarabu tu.

Mama akanishika mkono. "Mgeni harudishwi na haja yake, mwanangu. Mkubalie. Mie nshazowea kukungoja."

Hilo la kuzoea ndilo lililonimaliza. Nikainua finjani yake, nikaenda kuimwaga kahawa iliyopoa, nikarudi nikammiminia nyingine ya moto.

"Hii ni ya mgeni," nikamwambia, "inywe kwa raha. Ile ya mwenye haja nimeimwaga."

Mama akashika mdomo. Mchina aliitazama finjani kitambo, akanywa, akaitikisa kama mtu wa Maskati aliyetosheka, akamshukuru mama, akaenda zake. Mtaji sikuupata.

Nilirudi kuajiriwa mchana, kampuni yangu nikaifanyia kazi kila alfajiri baada ya sala, mpaka laini ya Kiswahili ikafunguka. Mama ndiye aliyepiga wa kwanza. Aliiamkia mashine, akaiuliza hali, akaiuliza na watu wa nyumbani, kisha ndipo akataja macho yake. Nilikuwa nimeifundisha isubiri salamu ziishe. Ikampa miadi, naye akaja jikoni kunieleza, kana kwamba mimi sijui lolote.

Mchina alisema kweli, wazee wanapungua. Kila mara kuna nambari inayoacha kupiga. Ndiyo maana nina haraka.