Mke Mwenza wa Mkono wa Kushoto

Nina mke mwenza. Ana ndevu, ana goti bovu lililofungwa bandeji, na anaishi ndani ya televisheni iliyo juu ya kabati la vitambaa, kwenye chumba chetu cha kushonea. Mume wangu alimpenda miaka mingi kabla ya kunioa mimi. Nilimkuta, na sikuambiwa. Ningeambiwa, ningedai televisheni yangu.

Mume wangu ni fundi wa suti. Wateja humwita Fundi, nami nimezoea hivyo hivyo. Kazi yangu pale ni vifungo, pasi, na kuwaapia wateja kwamba kesho tunayosema ni kesho kweli. Waume wa wenzangu wakipenda michezo hupenda mpira wa miguu, wakapiga kelele na mtaa mzima, yakaisha. Wangu kapenda tenisi. Mtaani kwetu anaipenda peke yake, basi inambidi aipende kwa niaba ya watu wote. Anajua nani kaumia bega, nani kamfukuza kocha, nani ni simba kwenye nyasi lakini akifika uwanja wa udongo anateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Mabingwa wakubwa anawaheshimu. Moyo wake lakini uko kwa huyu mwenye ndevu, ambaye hajawahi kubeba kombe kubwa hata moja na mara nyingi hutolewa raundi ya kwanza. Anacheza kwa mkono wa kushoto. Fundi anamwita Shoto.

Sheria ya chumbani ni moja: mpira ukiwa hewani, hakuna kusema. Kama mteja anapimwa kiuno na Shoto ndiyo kwanza anaurusha mpira juu, mteja atabaki vilevile, mikono kainyanyua, tepu imemzunguka, mpaka pointi iishe. Cherehani nayo husimama. Wageni hudhani kuna msiba.

Chanzo cha mapenzi haya nakijua, ingawa aliniambia mara moja tu. Fundi alizaliwa ana shoto. Mama yake alipoligundua hilo alilishughulikia kwa mwiko: kijiko kikishikwa kushoto, vidole vinaonja mwiko. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki akakunjika. Leo anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, anakata kitambaa kwa kulia. Ila sindano, ile kazi ya mkono inayolikamilisha koti, anaifanya kwa kushoto, na hapo hana mpinzani. Mama yake akija kututembelea, sindano inahamia kulia na kazi inaanza kutambaa. Mwanaume mzima, ana mvi kidevuni, anaogopa mwiko uliovunjika zamani!

Basi huyo mama mkwe, Mama, alikuja wiki mbaya kuliko zote. Mdogo wangu alikuwa anaapishwa uwakili, wa kwanza katika ukoo wetu, na bila suti nyeusi hapandishwi mbele ya jaji. Anarudishwa nyumbani kusubiri mwakani. Alitaka koti la kitambaa kile kile alichovaa Fundi siku ya harusi yetu. Tukakipata, kipande cha mwisho dukani, kidogo, cha kutosha kwa kubana tu. Kwa sababu Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akifuma na kumtazama, sindano ilikuwa kulia, na kazi ya siku mbili ikala wiki. Kukafika siku ya mwisho kabla ya kiapo, koti halina mikono. Na siku hiyo hiyo Shoto, ambaye alishatangaza kwamba haya ni mashindano yake ya mwisho, alikuwa anacheza robo fainali na kijana wa umri wa mwanawe.

"Mzime huyo mke mwenzangu leo," nilimwambia.

"Mke wangu, akitoka leo sitamwona tena."

Nilikasirika, kwani ndugu ni wangu. Lakini nilimtazama usoni nikashindwa kuizima televisheni.

Mama hakuwa amewahi kuitazama tenisi, na sheria ya kunyamaza haikumhusu.

"Watu wazima wawili wanagombania mpira mmoja," alisema, "na mifukoni wanayo mingine."

"Mama, subiri pointi iishe."

"Na nani aliwafundisha kuhesabu? Kumi na tano, thelathini, arobaini. Hizo tano kala nani?"

Fundi aliongeza sauti ya televisheni. Shoto alipoteza seti ya kwanza, akapoteza ya pili, halafu, wakati mimi nishaanza kushukuru, akachukua ya tatu. Akachukua ya nne. Mama akaacha kufuma. Akasogeza kiti.

"Huyu mzee mbona anapiga kwa kushoto?"

"Ndivyo alivyozaliwa."

"Na mama yake alikuwa anaangalia tu?"

"Hakumkataza," alisema Fundi, macho yakiwa kwenye televisheni.

Nilipiga pasi bitana, kitambaa cha ndani ya koti, ambayo nilishaipiga. Mama alifungua mdomo, akaufunga, na kuanzia hapo akawa anaitii sheria ya kunyamaza kuliko sisi sote.

Seti ya tano ilikwenda mpaka mwisho wa mwisho. Shoto alikuwa anachechemea, anajifuta jasho, anaomba mpira mwingine, anachechemea tena. Akashindwa kwa pointi mbili. Alipoinama kuugusa uwanja kwa kiganja, ule wa kushoto, Fundi aligeukia ukutani akajifanya anatafuta chaki. Chaki ilikuwa sikioni kwake.

"Wamemwonea!" Mama alifoka. "Ule mpira wa mwisho ulikuwa ndani!"

Ulikuwa nje, tena mbali.

Mdogo wangu akaingia jioni kujaribu koti. Mikono ilikuwa imeshapachikwa kwa bandi, zile nyuzi ndefu za kushikilia kabla ya mshono wenyewe. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo, akanyoosha shingo kama wakili kweli, kisha akanyanyua mkono wa kulia kufanya mazoezi ya kiapo. Koti likakataa. Mkono wa koti ulijipinda, ukambana kwapani, bega likapanda mpaka sikioni.

"Shemeji," alisema kwa upole, maana bado alikuwa wakili wa ndani ya kioo, "huu mkono mbona unataka kukunjikia nyuma?"

Fundi alikaribia, akaushika, akaketi chini. Kawaida hukunja kitambaa na kukata mikono yote miwili kwa pamoja, ikatoka kama pacha wanaotazamana. Safari hii kitambaa kilibana, ikambidi akate mmoja mmoja. Wa kwanza aliukata asubuhi. Wa pili aliukata kwenye seti ya tano, na akasahau kuigeuza karatasi ya kukatia. Mdogo wangu alikuwa na koti zuri lenye mikono miwili ya kushoto.

"Dada," aliniambia, "nitaapa na huu?"

 Kitambaa kilikuwa kimekwisha na duka lilishafungwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mume wangu, mengine ya matusi, lakini yeye alishainuka akaingia chumba chetu cha kulala. Alirudi na koti lake la harusi. Akaliweka mezani, akaunyoosha mkono wa kulia, akautia mkasi begani.

Niliumia, sitaficha. Lile koti lilivaliwa mara moja tu, nami nilikuwa pembeni yake. Ni kweli tumbo lilishamzuia kulifunga, lakini mtu hutunza hata asichokivaa.

Akaufumua mkono mbaya, akaubandika mzuri, akachukua sindano. Kwa kulia. Alikuwa amechoka, ana huzuni ya Shoto, na sindano ikamchoma. Akaanza tena, mshono ukaenda upande. Akaufumua. Nilimwangalia mdogo wangu, nikaiangalia saa ya ukutani, nikajua kwa mwendo ule hatutafika.

Mama aliinuka kutoka kwenye kiti cha wateja. Akaichukua sindano kutoka mkono wa kulia wa mwanawe, akaifuta kwa kanga yake. Fundi alivuta vidole nyuma kama mtoto. Mama akavifuata, akavishika, akaiweka sindano katika mkono wa kushoto, na vidole vile akavifunga mwenyewe kimoja kimoja.

"Shona, baba," alisema. "Nilikuwa naogopa watu watakucheka."

Fundi akainama, akaanza. Mkono ulikwenda kama maji, unaingia unatoka, na Mama akavuta kiti karibu kabisa, kichwa chake kikiufuata uzi, huku na huku, huku na huku.

"Shemeji," mdogo wangu akasema, "unadhani tutawa—"

"Nyamaza wewe!" alisema Mama, bila kuinua macho. "Huoni mpira uko hewani?"