Ndoo ya Kutemea

Chumba cha kuonjea mvinyo kiko kando ya barabara ya kwenda Ujiji, ukishapita Gungu, kati ya fundi pikipiki na duka la magodoro. Zamani kilikuwa saluni. Kioo kirefu bado kipo ukutani, kwa hiyo ukiinua glasi unajiona ukiinua, na watu wengi hucheka kabla hata hawajaonja.

Mwenye chumba ni binti niliyewahi kumfundisha sayansi darasa la sita. Alikuwa wa kuuliza "kwa nini" mpaka kengele ilie. Baadaye aliuza dagaa mwaloni Katonga kwa miaka mingi, mgongo ukachoka, akajifunza kutengeneza mvinyo wa ndizi, wa nanasi na wa rozela. Si jambo gumu kulielewa. Rozela, kwa mfano, unachemsha maua, unatia sukari, yakipoa unaweka hamira, kisha unafunga dumu na kuacha mrija mwembamba wa kutolea hewa. Baada ya hapo unasubiri, na kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Wengi huharibu kwa kufungua kila siku kuchungulia.

Asubuhi hiyo alikuwa anamngoja mnunuzi wa hoteli moja ya ufukweni.

"Mwalimu, akikubali, Katonga nimeaga," aliniambia. "Akikataa, Jumatatu nabeba beseni langu narudi kwenye dagaa."

Nilikuwa nimemwandaa wiki nzima. Nilimweleza kwamba waonjaji wa kazi hiyo huzungusha glasi, hunusa, hulamba kidogo, halafu hutema kwenye ndoo.

"Wanatema? Waini ya watu?"

"Wanatema, mwanangu. Mtu akionja aina kumi na kuzimeza zote, ya kumi hataijua kama ni waini au maji ya betri."

Alicheka, akaleta ndoo ndogo ya bluu, akaisugua mpaka ikang'aa. Tukafanya mazoezi kwa maji. Mara ya kwanza alitemea viatu vyangu, mara ya tatu akaipata ndoo, nikampa alama zake. Nilimweleza pia fundi pikipiki, asije akashangaa. Nikamweleza hata muuza magodoro.

Niliyemsahau ni mama yake.

Mama aliingia kutoka Ilagala asubuhi hiyohiyo na mfuko wa muhogo, akakaa kwenye kiti cha zamani cha saluni, kile kinachozunguka. Mnunuzi alipofika kwa bodaboda, kijana nadhifu wa Arusha mwenye daftari, alimwamkia vizuri. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu sana." Mpaka hapo mambo yalikuwa yamenyooka.

Kwetu Buha mwenyeji hakupi kinywaji kabla hajakionja mbele yako. Ni kukuonyesha kwamba hakuna kitu kilichotiwa humo. Basi binti alipomimina mvinyo wa ndizi, mama akaichukua glasi, akapiga funda moja, akampa mgeni. Mgeni akatazama ukingo wa glasi, akaipangusa kwa kidole kwa siri ambayo kioo kilituonyesha sote. Akazungusha, akanusa, akaonja, akatema kwenye ndoo.

Mama akageuza kiti chote.

"Ametema," alisema.

"Mama, ni..." binti alianza.

"Mwanangu," mama alimwambia mgeni, "umekuta nini humo?"

"Hakuna kitu, bibi. Ni nzuri tu."

"Nzuri hutemwa?"

Alisimama, akajimiminia glasi kutoka chupa ileile, akainywa yote, akaigeuza juu chini ili kila mtu aone. "Haya. Nikifa, nizikeni Ilagala." Akakaa, akakunja mikono, akangoja.

Mgeni alitabasamu. Nadhani aliona ni sehemu ya ukaribisho. Akaonja nanasi, akatema. Mama akasimama tena, akanywa nanasi, glasi juu chini. Mgeni akaonja rozela, akaiweka mdomoni muda mrefu, akatazama dari, kisha nayo akaitema, polepole. Mama alisimama mara ya tatu, safari hii akishika meza.

"Mama, basi!"

"Niache. Nasafisha jina lako." Akainywa na rozela, glasi juu chini.

Fundi pikipiki alikuwa mlangoni na spana mkononi. Nilikuwa nimemweleza vizuri, lakini alipomwona mama amesimama, masomo yote yalimtoka. "Bwana mkubwa," alimwambia mgeni, "kama unamshuku mwenyeji si useme tu?"

Mgeni akafunga daftari. "Naona nije siku nyingine."

Nikamtazama binti. Alikuwa ameanza kukusanya glasi, kama mtu anayefunga biashara.

Nilisimama, maana kosa lilikuwa langu. Nikaanza na mama. "Mama, unapopika mchuzi wa harusi, unaonja chumvi kwenye kiganja. Hunywi sufuria nzima. Huyu kazi yake ni chumvi." Kisha nikamgeukia mgeni. "Na wewe, mwanangu, kwetu kutema kinywaji cha mwenyeji ni kusema kimetiwa sumu. Bibi amekuwa akikunywia ushahidi."

Kijana akashika kichwa. "Glasi tatu? Bibi, nisamehe! Mimi nilidhani tunaonja pamoja!"

Mama alikaa. Kiti kilizunguka kidogo chenyewe.

"Chumvi nimeelewa," alisema. "Lakini mpishi akishaonja, mwisho hukaa akala na wenzake. Wewe utakula lini?"

"Haya, bibi. Nimeze ipi?"

"Ile iliyokuuma kuitema."

Mkono wa kijana ulikwenda kwenye chupa ya rozela kabla hajafikiri. Alipojiona kwenye kioo ameishika, akacheka sana. Mama akaonja kwanza, funda dogo, akampa glasi. Safari hii hakupangusa ukingo. Alimeza yote, akala muhogo wa kuchemsha na dagaa wa kukaanga, akaomba nyingine, kisha akafungua daftari.

Alikuwa mkweli. Ndizi bado changa, alisema, isubiri miezi kadhaa. Nanasi ina sukari nyingi. Lakini rozela hoteli itaichukua, waanze na katoni mbili, na wageni wakiipenda waongeze. Binti alisikiliza yote matatu, akauliza "kwa nini" mara nne, nami nikajiona niko darasa la sita tena.

Wakati wa kuaga, kijana aliinama kwa mama. "Bibi, nawe umezionja zote. Ipi ilikuwa bora?"

"Ndizi na nanasi sijui," mama alijibu. "Nilikuwa nasikilizia kama nitakufa."

Jumatatu nilipita pale asubuhi kwa makusudi. Beseni la dagaa lilikuwa nje, limejaa maua mekundu ya rozela yaliyolowekwa. Binti alikuwa akikaza kifuniko cha dumu jipya, na mara aliponiona akaweka mkono juu yake.

"Usifungue, mwalimu," aliniambia. "Tunasubiri."