Mikono Iliyoshikana kwenye Sarafu

Jumamosi iliyopita, katika duka la sarafu za kale huko Annandale, Marekani, nilisimama nyuma ya dada mmoja wa Tanga na mchumba wake Mkenya. Dada alitaka sarafu ya fedha ya Kirumi, aivae kwenye mkufu siku ya arusi yao. Aliipenda yenye mume na mke walioshikana mikono.

Muuzaji, mzee Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akasema polepole, "Hawa ni mfalme kijana na mke wake. Sarafu ilitengenezwa walipooana."

"Walidumu?" dada akauliza.

Mzee akavua miwani. "Hapana. Mume hakumpenda. Alimfukuza, kisha akaamuru auawe."

Mchumba akacheka, akitikisa funguo za gari. "Hiyo ni history tu. Tuibuy twende, tumechelewa."

Dada akaizungusha pete yake ya uchumba, mara mbili, mara tatu. "Samahani, mzee. Nionyeshe yenye mtu mmoja."

Akachagua ya mungu wa kike aliyesimama peke yake. Mchumba hakucheka tena.

Wasomaji, picha ya arusi hupigwa kabla ndoa haijaanza. Jioni nilisimama mbele ya yetu, nikiikodolea macho.

"Unatafuta nini hapo?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia naifuta vumbi.